Fomu ya Evance Iliyoitikia Posa

Mgahawani kwangu, nyuma ya stendi,
Mikumi, Wilaya ya Kilosa.
2 Machi 2004

Mpendwa mdogo wangu Evance,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi ni dada yako mkubwa na shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, usije ukasema baadaye kwamba nilikuandikia bila salamu. Hujambo lakini? Mwili unaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi ya huko Durban kimepoa? Na yule mama mwenye nyumba uliyopanga, aliyekupikia uji ulipolala kitandani, naye mzima? Mfikishie salamu zangu, mwambie huku hatujausahau wema wake.

Mimi ni mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama jikoni. Mama yuko kule kule Rudewa. Macho yanazidi kufifia, lakini anatembea na anakula, na akikanyagiwa shamba lake na ng'ombe wa watu bado ana sauti ya kuwafukuza pamoja na mwenye ng'ombe. Mvua zimeanza vizuri. Mahindi ya bondeni yameshikwa na maji kidogo, ya juu yamesimama.

Nimekusalimu kirefu kwa makusudi, maana karatasi haikati maneno ya mtu. Sasa kaa chini. Kama una mteja mwambie asubiri. Haya ninayokuandikia nayaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Loveth, binti yako, ameposwa na Hezekia wa Dumila. Posa imeitikiwa, kishika uchumba kimepokelewa, na ndoa imepangwa ifungwe baada ya Pasaka. Aliyeitikia ni wewe. Maneno yako yamesomwa mbele ya wazee wa ukoo, kisha Baba mdogo Kasiani akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa koti lake. Najua sasa hivi umeinuka kwenye kiti unasema hujawahi kuulizwa. Kaa. Uliulizwa, na ulijibu.

Nianzie kwenye hiyo tovuti ya duka lako la kutengeneza kompyuta. Ulipoifungua ulipiga simu hapa mgahawani una furaha kama mtu aliyejenga ghorofa. Ulisema sasa una jina kwenye mtandao, mtu yeyote wa Durban mwenye kompyuta mbovu anakuona, na picha yako ipo, umevaa tai. Ukasema kuna ukurasa wa kuwasiliana nawe wenye fomu. Mtu anaandika jina lake, anaandika ujumbe kwenye kisanduku, anabofya, na ujumbe unakufikia pale pale. Ukasema programu inayoupokea huo ujumbe na kukuletea hukuinunua wala hukuiomba kwa mtu, umeiandika mwenyewe. Ukatuagiza kwamba kuanzia siku hiyo tusikusumbue kwa barua za posta wala kwa simu za saa za kazi, kila mwenye neno apite kwenye fomu. Nilikupongeza kwa moyo mweupe. Mama alilitangaza jambo hilo kwenye jumuiya, akawa anawaeleza wenzake tovuti ni kitu gani, na mwenyewe haijui.

Baadaye ukabadilisha namba ya simu usitupe mpya. Nikajisemea si neno, fomu ipo. Hapa Mikumi tunaye Joha, aliyefungua chumba cha intaneti karibu na nyumba za wageni, kompyuta zake mbili zinafanya kazi siku umeme ukiwa na huruma. Wateja wake wengi ni watalii wanaotoka mbugani, lakini sisi wenyeji tukienda anatuchapia mwenyewe na majibu yanakuja kwenye anwani yake. Ni mtu wangu, anakula kwangu mchana. Kwa hiyo njia ya kukufikia ilikuwepo, na sisi tuliiamini kwa sababu uliijenga wewe.

Hezekia unamkumbuka. Ndiye yule aliyekuwa akipiga kengele ya shule, yeye darasa la saba na mimi la tano. Siku hizi ana maghala ya mpunga na mahindi pale njia panda ya Dumila, na malori yanamsimamia yeye kwanza kabla ya kuwasimamia wengine. Mkewe alifariki, watoto wake wakubwa wameshaoa. Sina ugomvi naye. Si mlevi, si mkorofi, kanisani anaonekana. Lakini amenizidi umri mimi, Evance, na mimi ndiye niliyembeba Loveth mgongoni mama yake alipofariki. Na mtoto huyo jina lake limetoka miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya wasichana mkoani Iringa, masomo ya sayansi. Babu yetu alitolewa Songea kuja kukata mkonge Rudewa. Baba yetu alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Wewe ulikimbilia Sauzi. Sasa amepatikana mmoja wa kwenda kusoma kemia, na akiolewa shule imekwisha. Hilo ndilo lililopo, sina lingine.

Washenga walikuja kwa Mama na barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe, kila kitu kwa utaratibu wake. Baba mdogo Kasiani, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo tangu Baba atutoke, aliitwa. Nikwambie ukweli, nilimwogopa, maana Hezekia ndiye aliyemletea bati alizoezekea nyumba mwaka jana. Lakini siku ile alisema neno la haki.

"Mtoto huyu ana baba yake mzazi. Aulizwe. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana leso inarudi ilikotoka, na hakuna atakayenuna."

Washenga wakakubali. Mimi nikapumua. Nilijua utakataa, kwa sababu siku unaondoka ulinishika mkono hapa hapa barabarani, basi likiwa linaunguruma, ukaniambia nimshikie Loveth shule. Nimemshikia. Sare, madaftari, michango ya shule, vyote vimetoka kwenye sufuria zangu za maharage, na sikudai shukrani.

Basi tukakaa na Mama tuandike ule ujumbe. Mama unamjua. Aliniamuru nikusalimu, nikuulize hali, nikuulize kifua, kazi, mwenye nyumba, na yule jirani yako Mmalawi aliyekuletea blanketi. Akataka kujua kama unga wa ugali unapatikana huko au unashindia mikate. Akakuombea baraka, ya mchana na ya usiku. Hapo ndipo akasema niandike: sisi huku hatujambo, isipokuwa kuna jambo la mtoto Loveth. Likafuata jambo lenyewe lote. Nani kaposa, umri wake, barua ya shule, na kwamba mimi na yeye hatutaki, tunangoja neno lako moja tu turudishe leso. Nilimsihi tuanze na hilo.

"Nimrushie mwanangu shida usoni hata sijamjulia hali?" akaniambia. "Mimi sikulelewa hivyo, na wewe sikukulea hivyo."

Nikaandika alivyotaka, nikapanda gari, nikaja na karatasi hiyo Mikumi. Joha aliichapa yote kwenye kisanduku chako. Nilikaa pembeni yake nikifuatisha kwa kidole, hakuruka hata neno. Akabofya, na papo hapo tovuti yako ikatujibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako umepokelewa na ni muhimu kwetu." Nilipomsomea Mama alifurahi, kisha akauliza hao "sisi" ni wewe na nani, au umeoa bila kutuambia. Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho tumecheka pamoja.

Jibu lako lilikuja. Joha alilichapisha kwenye karatasi, na mimi sikulisoma, nililipeleka likiwa limekunjwa, kwa heshima, lisomwe na mkubwa wa ukoo mbele ya washenga. Huo ulikuwa ujinga wangu na nimeshajitukana vya kutosha, usiniongezee. Baba mdogo alivaa miwani akasoma kwa sauti. Nayakumbuka yote: "Shikamoo Mama, shikamoo dada Hilda. Nimefurahi sana kupata ujumbe wenu na kusikia mko salama. Mambo ni mazuri, basi endeleeni hivyo hivyo, mimi niko nyuma yenu kwa kila jambo. Mungu awabariki."

Mshenga mmoja alipiga makofi. Baba mdogo akakunja karatasi.

"Mwenye mtoto keshasema," akasema. "Tuendelee hivyo hivyo."

Loveth alikuwa amesimama mlangoni ameshika sinia la bilauri za maji. Hakuliangusha, hakulia. Aliwagawia wageni maji, kila mmoja, kwa goti, kisha akatoka nje. Mama aliingia ndani akalala na kanga usoni mpaka jioni, na kwa siku nyingi hakulitaja jina lako. Mimi nilikuchukia, Evance. Nilisema maneno juu yako ambayo nitayatubu siku nyingine, leo bado nayahitaji. Niliwaza kwamba Sauzi imekula akili yako, kwamba Hezekia amekufikia kwa njia zake. Nilikuwa nikikoroga uji naongea peke yangu, madereva wakadhani nawatukana wao.

Halafu sikuridhika. Nilikwenda kwa Baba mdogo nikamwomba ile karatasi, nikitumaini tulipitwa na neno. Alinipa. Maneno yako yalikuwa yale yale. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, yalikuwepo maneno yetu jinsi yalivyokufikia. Siku ile hakuna aliyeyasoma, maana nani asome alichokiandika mwenyewe? Nikasoma. Salamu zipo. Kifua kipo. Mwenye nyumba yupo, Mmalawi yupo na blanketi lake. Kisha imeandikwa: "Sisi huku hatujambo, isipokuwa". Basi. Hakuna Loveth, hakuna Hezekia, hakuna shule. Karatasi nyeupe mpaka chini.

Nilimpelekea Joha nikiwa tayari kugombana naye, akaniapia kwamba alituma yote, na mimi mwenyewe nilikuwa shahidi. Ndipo nikakumbuka kitu ulichojisifia kwenye ile simu. Ulisema wateja wanaongea sana, kwa hiyo umeweka kikomo, programu yako inachukua maneno ya mwanzo na yanayozidi inayatupa. Ulikuwa unacheka ukinieleza, na mimi nikacheka nikidhani ni jambo la wateja. Hilo ndilo lililomkuta Mama. Wateja wako wa Durban wanaanza na shida: kompyuta imekufa, njoo. Sisi tunaanza na hali ya mtu. Wewe umezaliwa Rudewa, umefundishwa kusalimia kabla hujafundishwa kuvaa suruali, na ulipokaa kuiandika hiyo programu hukumkumbuka hata mtu mmoja wa kwenu. Isitoshe, ikishatupa maneno ya watu inawashukuru. Inawaambia ujumbe umepokelewa. Ingetuambia tumezidisha, ningempunguza Mama hata kwa ugomvi.

Nilijaribu kulijibu lile jibu lako moja kwa moja. Joha akanionyesha kwamba linatoka kwenye anwani inayosema usijibu barua hii. Umejifungia ndani, ukatuachia dirisha moja, na dirisha lenyewe linakata vichwa. Joha akaniambia tujaribu fomu tena, kwa maneno mafupi. Sikutaka hata kuigusa. Kitu kilichoitikia posa kwa jina lako nikirudie niongeze nini?

Mpaka hapo ningekusamehe. Mtu akijenga kitu hukosea, hata mimi chungu cha kwanza niliunguza. Lakini sentensi iliishia kwenye "isipokuwa", Evance. Uliisoma hiyo. Mama yako mzee, macho mabovu, anakwambia hatujambo isipokuwa, halafu kimya, na wewe ukaandika umefurahi kusikia tuko salama. Hukujiuliza isipokuwa nini? Labda isipokuwa nyumba imeanguka. Labda isipokuwa mimi nimekufa. Mtu akinipigia simu akasema tuko salama ila, kisha simu ikakatika, mimi siwezi kutia tonge mdomoni mpaka nimempata. Wewe ulitia tonge. Uliona salamu ukadhani ndiyo habari yenyewe, ukatupa baraka ya jumla ukarudi kwenye kazi zako. Programu imekata mara moja, na wewe ukaja ukakata mara ya pili.

Nilirudi kwa Baba mdogo na karatasi mkononi, nikamwonyesha mahali maneno yalipoishia. Aliisoma, akaigeuza nyuma akatazama kama kuna kitu, akaifuta miwani kwa shati. Nadhani aliona, maana hakunitazama usoni.

"Hayo ni mambo ya mitambo yenu," akasema. "Mimi nilisoma neno la baba mtoto mbele za watu. Nikisimama leo nikasema lilikuwa nusu, nitaonekana mzee wa kigeugeu aliyekula vya watu. Kama Evance hataki, aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake ninaoujua. Hapo nitairudisha leso, hata kama zile bati zitang'olewa."

Sasa nifike mahali ambapo hasira yangu imekaa. Baada ya ile siku nilimchukua Loveth kutoka kwa Mama nikaja naye Mikumi, nikidai ananisaidia mgahawani. Anaosha vyombo, anahudumia, akiitwa anaitika. Chakula anakigusa tu. Nilipomweleza kwamba baba yake hakukubali, kwamba ujumbe ulikatwa njiani, nilitarajia atafurahi. Aliniangalia kama mtu anayemhurumia mwenzake. Akaingia chumbani akarudi na karatasi mbili alizozificha kwenye godoro.

Kumbe naye alikuandikia. Alikwenda kwa Joha bila kuniambia, akamwomba asiniambie, na Joha akashika neno lake, nimegombana naye kwa hilo na tumepatana. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi, kama wanavyoandika watoto wa siku hizi: "Baba, wanataka kuniozesha kwa Mzee Hezekia wa Dumila. Mimi nimechaguliwa fomu faivu. Sitaki kuolewa. Waambie hapana. Loveth." Huo haukukatwa. Ulikufikia mzima, nimeuona chini ya jibu lako kuanzia mwanzo hadi jina lake. Kwa hiyo usiniambie hukujua. Jina la mwanamume ulikuwa nalo, shule ulikuwa nayo, na neno la kusema ulitafuniwa, ulitakiwa kumeza tu.

Na wewe ukamjibu hivi, nanakili kama ulivyoandika: "Loveth, umenisikitisha. Mtoto wa kike anamwandikia baba yake bila hata shikamoo na anamwamrisha la kusema. Kama kuna jambo, wakubwa wataniambia, na wameshaniandikia kwamba mko salama. Jifunze kwanza kusalimia, ndipo uniandikie tena."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Labda ulidhani ni utundu wa msichana. Labda ulikuwa umechoka. Sitaki kukutafutia sababu, utajitafutia mwenyewe. Mtoto anakwambia anazama, wewe unamuuliza mbona hajabisha hodi.

Na Loveth ni mtoto mtiifu, Evance. Alitii. Alirudi kwa Joha akakuandikia upya, safari hii kwa adabu zote alizofundishwa na bibi yake. Shikamoo baba. Akakuomba radhi. Akakuuliza kifua, akakuuliza kazi, akawasalimia mwenye nyumba na Mmalawi, akakuombea baraka. Mwishoni kabisa, akiwa ameshafungua kila mlango unavyotaka ufunguliwe, akaweka shida yake.

Unajua kilichokufikia. Salamu zilifika zote. Shida yake haikufika.

Jibu lako la pili ndiyo ile karatasi nyingine: "Marahaba, binti yangu. Hapo sasa umeandika kama mtoto aliyelelewa. Wasikilize wakubwa zako."

Basi amewasikiliza. Ndiyo maana halii, ndiyo maana hagombi. Alikuomba mara mbili, mara ya kwanza ukamfokea, mara ya pili ukampongeza, na kwa akili yake ya mtoto hizo zote ni ndiyo. Wiki iliyopita mshenga alipita hapa na vitambaa vya gauni, Loveth akachagua cha kwanza kilichokuwa juu bila kukifunua. Watu wananiambia niache, padri atamuuliza kanisani kama anakubali kwa hiari yake. Atamuuliza, ndiyo. Hezekia atakuwa amesimama pembeni, ubwabwa umeshaiva, watu wa Dumila wamejaza mabenchi, na baba yake alishamwambia awasikilize wakubwa. Unadhani atajibu nini?

Sasa sikiliza ninachotaka. Barua hii haipiti posta wala kwenye fomu yako. Naikabidhi kwa Cosmas, dereva wa lori anayekula kwangu kila akishuka Tunduma, na safari hii mzigo wake unafika Durban. Duka lako madereva wanalijua. Nimemwambia asitoke mlangoni kwako bila jibu, na ukimwambia arudi kesho akae pale pale, maana ni mtu mkubwa na mlango wako ni mdogo.

Andika barua mbili, kwa kalamu, kwa mwandiko wako. Ya kwanza ni ya Baba mdogo Kasiani. Mstari wa kwanza useme kwamba hukubali posa hii na mtoto anakwenda shule. Ukishaandika hapo, msalimie uwezavyo, muulize mgongo, muulize mbuzi, jaza ukurasa, mzee atafurahi. Ya pili ni ya Loveth. Hiyo sikufundishi, wewe ndiye baba yake. Nakuomba tu usimwandikie habari za adabu.

Na hiyo fomu yako uirekebishe au uifunge, ni kazi yako, sina ujuzi nayo. Lakini kabla hujaigusa, tafuta yote iliyoyatupa kama yanatafutika. Mimi nimekutumia ujumbe zaidi ya mmoja tangu uifungue, na watu wengine wa huku pia. Sijui ni mangapi tuliyokwambia ukatujibu umefurahi.

Shule zinafungua kabla ya Pasaka. Sanduku la Loveth nimeshalinunua, la bati, la buluu, nimeliweka chini ya kitanda changu na yeye hajui. Cosmas akirudi na barua yako nitamkabidhi pamoja na hiyo. Asiporudi nayo, nitasimama mwenyewe mbele ya wazee na kanisani, nitapiga kelele mpaka wanitoe, na watasema Hildegarda amerukwa na akili. Nimejiandaa kwa hilo. Lakini kelele zangu si neno la baba, nawe unajua wanavyohesabu mambo huku.

Joha anakusalimu, anasema anajuta kuficha. Shemeji yako anakusalimu, yuko Kilosa mjini kufuatilia mbegu. Baba mdogo hakunituma salamu, lakini nilipoaga aliniuliza barua kutoka huko huchukua muda gani, nami nakufikishia hivyo hivyo. Loveth hajui kama nakuandikia, sikutaka angoje tena.

Juzi nilikwenda Rudewa kumwona Mama kabla ya kukuandikia, nikachukua karatasi na kalamu niandike salamu zake kama kawaida, nikijua zitajaza ukurasa. Nilikaa naye muda mrefu. Mwishoni aliniambia safari hii nisikuandikie salamu zake. Niandike tu: "Evance, kataa."

Mungu akupe afya, akulainishie moyo, na akushike mkono huo unaoshika kalamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia hivi,

Hildegarda